Matofali ya Usiku wa Manane

Saa sita na nusu usiku, ndani ya boksi la mita lililo nyuma ya mlango wa fleti, swichi inalia "tak". Mara moja tu. Wenyeji wamelala, taa zimezimwa, televisheni imenyamaza, lakini mita inaanza kuhesabu uniti kwa kasi ambayo haikuiona mchana kutwa. Ukutani kuna kasha pana la bati lenye rangi ya maziwa. Ndani yake nyaya zilizopitishwa kati ya matofali zinaanza kuwa nyekundu. Matofali hayo ni meusi, mazito, yamepangwa kama ya tanuri, na ikifika alfajiri yatakuwa na joto la mamia ya nyuzi. Ukiweka kiganja juu ya kasha utasikia uvuguvugu tu, maana kati ya bati na tofali kuna tabaka nene la kuzuia joto lisitoroke. Saa moja na nusu asubuhi swichi inalia tena. Umeme umeondoka kwenye nyaya zile, na kazi iliyobaki ni ya tofali: kuachia joto polepole mpaka jioni.

Hiyo ndiyo hita ya kuhifadhi joto. Kwa zaidi ya miaka 60 imesimama katika kumbi na vyumba vya kulala vya Uingereza, hasa kwenye maghorofa na vijiji visivyopitiwa na bomba la gesi. Mtu aliyehamia huko kutoka Tanga au Mombasa hukutana nayo katika majira yake ya kwanza ya baridi, na kukutana kwenyewe si kwa heri. Ina vitufe viwili vya kuzungusha, haina pa kuwashia, na ukiitaka ikupe joto saa hii haikusikii. Ili kuielewa, yabidi kwanza kuelewa kwa nini umeme uleule, ukipita kwenye waya uleule, uwe na bei mbili.

Umeme haulali ghalani kama mchele. Unaozalishwa sasa hivi hutumika sasa hivi. Kwa hiyo kampuni ya umeme hailazimiki kujenga mitambo ya kutosha mahitaji ya kawaida, bali mitambo ya kutosha ile saa moja ya mwaka ambapo kila mtu amewasha kila kitu. Saa nyingine zote sehemu ya mitambo hiyo imekaa bure, ilhali mkopo wa kuijengea haukai bure.

Watu wa kwanza kuumizwa kichwa na jambo hili walikuwa wauzaji wa taa. Mwaka 1882 kituo cha Edison kilifunguliwa Holborn Viaduct, London, kikauza kitu kimoja tu: mwanga. Giza likiingia wateja wote waliwasha pamoja, na walipokwenda kulala walizima pamoja. Mchana makaa yaliendelea kuchomwa ili boila zisipoe, bila mnunuzi. Msomaji wa leo aliangalie hilo vizuri, kwa sababu kila kinachofuata kinatoka hapo: katika siku za mwanzo saa ya umeme usiotakiwa ilikuwa mchana. Usiku wa manane haukuzaliwa na bei nafuu.

Mwaka 1892 mhandisi John Hopkinson aliieleza hesabu yake mbele ya wahandisi vijana. Mteja, alisema, anaigharimu kampuni kwa njia mbili: kwa umeme anaoutumia, na kwa kule kampuni kukaa tayari kumpa wakati wowote atakaoutaka. Anayewasha taa 100 kwa nusu saa anahitaji mtambo mkubwa kuliko anayewasha taa 5 kwa saa 10, ingawa uniti zao zinalingana. Basi bili iwe na sehemu mbili. Huko Brighton, mji wa pwani ya kusini, msimamizi wa kituo cha umeme Arthur Wright alitengeneza kifaa cha kuitekeleza fikra hiyo. Kilikuwa mrija wa kioo wenye kimiminika. Umeme mwingi ukipita, waya hupasha hewa, hewa hutanuka, na kimiminika husukumwa kikamwagikia kwenye mrija wa pili ambako hakiwezi kurudi. Mwisho wa kipindi msoma mita aliangalia kimefika wapi, akajua mteja huyu alivuta umeme mwingi kiasi gani kwa wakati mmoja, hata kama ilikuwa mara moja tu. Mwaka 1894 Samuel Insull, bwana mkubwa wa umeme wa Chicago, alipita Brighton, akakiona kifaa hicho na kuipeleka fikra yake Marekani.

Kisha tramu na viwanda vikajaza mchana. Mota zilizunguka tangu asubuhi mpaka jioni, na lile shimo lililokuwa mchana likahamia usiku. Hakuna aliyelipigia kura. Lilihama tu, kwa sababu maisha yalibadilika.

Majira ya baridi ya mwaka 1947 yaliwaonyesha Waingereza wote, si wahandisi pekee, maana ya kilele cha matumizi. Theluji ilifunga reli, makaa hayakufika kwenye vituo vya umeme, na mwezi Februari serikali iliagiza nyumba nyingi zisitumie umeme kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana, na tena saa nane hadi saa kumi alasiri. Watu walikaa ofisini na makoti, wakiandika kwa mwanga wa mshumaa. Makaa yalipokuwa haba wengi walikuwa wamenunua hita ndogo za waya, zile za kubeba mkononi. Zilikuwa rahisi kununua na zilikula umeme kwa pupa, zote kwa pamoja, asubuhi na jioni ya siku za baridi kali. Mwaka uliofuata umeme ulitaifishwa. Mamlaka mpya ilijaribu kuongeza bei majira ya baridi na kuipunguza kiangazi, wateja wakakasirika, na mpango ukaachwa baada ya msimu mmoja. Kumwambia mtu asitumie umeme wakati anatetemeka ni biashara isiyouzika.

Njia iliyobaki ilikuwa kuuza umeme usiku.

Lakini usiku mtu anafanya nini na umeme? Hapiki, hasomi, hafui. Hapo ndipo tofali lilipoingia. Kama umeme hauhifadhiki, joto linahifadhika, na kila aliyewahi kulalia ukuta uliopigwa na jua mchana anajua. Wajenzi wa maghorofa ya miaka ya 1950 walianza kwa kulaza nyaya ndani ya zege la sakafu: zege likapashwa usiku, wapangaji wakakanyaga uvuguvugu mchana. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 bodi za umeme za mikoa zikaanza kuuza makasha ya matofali ya kusimamishwa ukutani, na matangazo yakafuata. Wakati ulikuwa mwafaka. Mwezi Desemba 1952 moshi wa makaa ulikuwa umechanganyika na ukungu juu ya London kwa siku tano, na hesabu ya wakati ule ilisema watu wapatao 4,000 walikufa. Sheria ya Hewa Safi ya mwaka 1956 ikaziruhusu halmashauri kutangaza maeneo yasiyoruhusiwa kutoa moshi. Mamilioni ya mabomba ya moshi yalikuwa yakitafuta mrithi, na hita ya umeme haikuhitaji bomba, wala makaa, wala jivu la kuzoa asubuhi.

Upande wa pili wa waya nao ulikuwa na shida zake. Mwaka 1956 Malkia Elizabeth II alifungua kituo cha nyuklia cha Calder Hall, na vingine vikafuata. Kituo cha nyuklia hakipendi kuwashwa na kuzimwa. Faida yake iko katika kuzunguka mfululizo, mchana na usiku. Mitambo mikubwa ya makaa nayo ilipata gharama na uchakavu ilipopozwa usiku na kupashwa upya alfajiri. Kwa watu wa gridi, tofali lililokuwa likila umeme saa nane usiku lilikuwa rafiki. Ndiyo maana si sawa kuiita bei ya usiku zawadi. Kampuni ilikuwa inatafuta ghala, na ghala ikalipata ukumbini kwa mteja, ambaye alilinunua kwa fedha zake na kulipa nafasi.

Ghala hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana. Hita kubwa ya kawaida huvuta kilowati 3.4, na kwa saa 7 inameza uniti 23.8. Umeme huo ungetosha kuchemsha maji baridi ya bomba ndoo 12 za lita 20. Zimefichwa nyuma ya bati, kwenye kitu kisichofika kina cha kabati la viatu. Uzito wake ni zaidi ya kilo 100, na hita hailetwi nzima: fundi hupandisha kasha tupu, kisha matofali mikono miwili miwili, ngazi baada ya ngazi, ndipo ayapange ndani. Hita za awali zilitumia matofali ya udongo wa tanuri na zilikuwa nene kama sanduku la nguo. Nyingine zilizibwa kwa asbesto, na hadi leo fundi anayefungua hita ya kabla ya katikati ya miaka ya 1970 huanza kwa kuuliza umri wake. Nyembamba za baadaye ziliwezekana kwa sababu watafiti wa umeme wa Capenhurst, karibu na Chester, walitengeneza tofali la oksaidi ya chuma, zito zaidi, linalobeba joto jingi katika nafasi ndogo.

Kasoro yake kubwa ilijulikana tangu mwanzo. Tofali likishapata joto halisubiri. Huanza kuachia alfajiri ileile, mwenye nyumba akiwa anaondoka kwenda kazini, na akirudi saa kumi na mbili jioni, wakati anapolihitaji, limebaki na mabaki. Baadhi ya mipango ya bei ya zamani ilitoa saa chache za nyongeza alasiri ili kuliongezea nguvu.

Vile vitufe viwili ndivyo vilivyokusudiwa kumsaidia mteja. Cha kwanza huamua tofali lipewe umeme kiasi gani usiku. Cha pili hufungua kidirisha cha juu ili joto litoke haraka. Siri yote iko katika mpangilio: usiku kidirisha kifungwe, jioni kifunguliwe. Anayekiacha wazi tangu usiku anapasha joto chumba wakati amejifunika blanketi, kisha jioni anakaa na baridi. Na kitufe cha kwanza kinataka utabiri, kwa maana mtu anakigeuza leo kwa ajili ya baridi ya kesho. Jioni ya Machi isiyoeleweka, mwenye hita anatoka kwenye baraza, anaangalia mawingu, anarudi ndani na kuamua bili yake. Mgeni aliyezoea mita ya Luku, ambayo uniti ni uniti mchana na usiku, hana sababu ya kukisia hayo. Asipoambiwa, atanunua hita ya feni, ataichomeka saa moja jioni, na kulipa bei ya juu kabisa huku matofali yamesimama ukutani. Wengi wamepita hapo, na kosa halikuwa la uvivu. Hakuna aliyewaachia maelezo, na yale yaliyobandikwa ndani ya boksi la mita yalikuwa yamefutika siku nyingi.

Mwezi Oktoba 1978 mipango mingi ya mikoa ikapewa jina moja lililokaa: Economy 7. Saba ni saa saba za usiku za bei nafuu, ambayo ilikuwa karibu nusu ya bei ya mchana, na miaka mingine chini ya hapo. Kwa upande wake, uniti ya mchana ilipanda kidogo kuliko ya mteja wa kawaida. Saa zenyewe hazikuwa zilezile kila mahali, maana mikoa yote ikiwasha dakika moja gridi ingetikisika. Tena mita nyingi hufuata saa ya Greenwich mwaka mzima. Waingereza wakisogeza saa zao mbele majira ya kuchipua, mita haisogei, na saa saba za nafuu zinajikuta zinaanza saa saba na nusu usiku na kuisha saa mbili na nusu asubuhi. Ni familia chache zilizoambiwa hilo, na zilizojua zilipata kuoga maji ya bei nafuu asubuhi yote ya kiangazi.

Swichi nazo zikabadilika. Badala ya saa ya kuzunguka ndani ya kila boksi, miaka ya 1980 ulianza mpango wa kuziamuru kwa redio. Ujumbe ulipachikwa ndani ya matangazo ya Radio 4 ya BBC kwenye masafa marefu, kutoka mnara wa Droitwich na minara ya Scotland, kwa namna ambayo sikio halisikii. Msikilizaji alikuwa anapata utabiri wa hali ya bahari kwa mabaharia, na ndani ya mawimbi yaleyale nyumba zilikuwa zinaamriwa kuwasha matofali. Katika historia yote hii hakuna sehemu nzuri kama hiyo. Teknolojia mbili za watu wa kawaida, redio ya jikoni na hita ya ukumbini, zilishikana mikono kwa miaka 40 na wenye nyumba wengi hawakujua.

Hata hivyo, kufikia wakati huo wenye uwezo walikuwa wamekwisha kuhama. Gesi iligunduliwa Bahari ya Kaskazini mwaka 1965, na kati ya 1967 na 1977 nyumba kwa nyumba majiko na boila vilibadilishwa ili viipokee. Gesi ilikuwa nafuu, na iliwaka ulipoitaka. Lakini haikwenda kila mahali. Tarehe 16 Mei 1968, katika jengo la Ronan Point mashariki mwa London, gesi iliyovuja jikoni ililipuka ghorofa ya 18, na pembe nzima ya jengo la ghorofa 22 ikaporomoka. Watu wanne walikufa. Baada ya hapo gesi iliondolewa katika majengo mengi yaliyojengwa kwa paneli za zege kama lile, na umeme ukachukua nafasi yake. Hivyo hita ya matofali ilibaki zaidi kwa mpangaji wa ghorofani na mkulima wa kijijini, watu ambao hawakuchagua. Bei ya mafuta ilipolipuka mwaka 1973 umeme wa usiku nao ulipanda, na waliokuwa na nyaya ndani ya zege la sakafu hawakuwa na cha kuhamisha. Mwenye kasha huliuza au hulitupa. Sakafu huwezi kuing'oa.

Bara la Ulaya lilikuwa na njia zake. Ujerumani ilijaza matofali kama Uingereza, kisha mwaka 2009 ikaweka sheria ya kuyaondoa polepole, na mwaka 2013 ikaifuta sheria hiyo. Ufaransa ilipendelea maji: mamilioni ya matangi ya maji ya moto huamriwa yawake usiku kwa ishara inayosafiri ndani ya waya uleule wa umeme. Na Kenya nayo iliwahi kuwa na bei yake ya namna hiyo. Katika orodha za bei za umeme palikuwa na fungu la wateja wa nyumbani wenye hita za maji, waliokubali kukatiwa umeme wa hita saa za kilele ili walipe kidogo.

Kenya inastahili kukaliwa kidogo zaidi, kwa sababu shida ya Calder Hall inaishi Olkaria. Mvuke wa ardhini haujui saa. Visima vya Bonde la Ufa vinatoa nguvu usiku wa manane kama saa mbili usiku, wakati Nairobi inapika na kutazama habari, na watu wakilala mvuke mwingine hulazimika kuachiwa hewani. Mwezi Desemba 2017 viwanda vilipewa nusu bei kwa umeme wa ziada vitakaoutumia usiku. Bei mpya za mwaka 2023 zikaongeza fungu la vyombo vya usafiri vya umeme: shilingi 16 kwa uniti saa za kawaida, shilingi 8 usiku, kuanzia saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi siku za kazi. Betri ya bodaboda ikichajiwa saa tisa usiku inafanya kazi ileile ya tofali la London. Ni ghala.

Huko Uingereza saa ya nafuu imehama tena. Mitambo ya makaa iliyokuwa inaogopa kupozwa usiku haipo. Kituo cha mwisho, Ratcliffe-on-Soar, kilizimwa tarehe 30 Septemba 2024. Sasa anayeamua ni upepo na jua. Tangu 2018 kuna wateja wenye mita za kisasa wanaolipa bei inayobadilika kila nusu saa. Majira ya kuchipua ya 2020, watu walipokuwa wamefungiwa ndani na viwanda vimenyamaza, zilikuwapo nusu saa za mchana wa jua ambapo bei ilikuwa chini ya sifuri, yaani mteja alilipwa kwa kutumia. Mchana tena, kama mwaka 1882. Saa ya kuogopwa ni kuanzia saa kumi jioni hadi saa moja. Hita ya zamani haijui lolote katika hayo. Inajua kusubiri "tak" ya usiku.

Na ile ishara ya redio imefikia mwisho. Vifaa vya Droitwich vilikuwa vimezeeka, na ilipangwa swichi za redio zizimwe tarehe 30 Juni 2025. Siku hiyo ikikaribia nyumba zaidi ya 300,000 zilikuwa hazijabadilishiwa mita, zikiwamo nyingi za Scotland, na msimamizi wa nishati alionya kwamba hita zisizopata ishara zingeweza kubaki zimewaka muda wote, au zimezimika muda wote, au kuwaka saa ya bei kubwa. Ikabidi uzimaji ufanywe hatua kwa hatua, eneo baada ya eneo, ili mafundi wafike kwanza.

Fundi akifika, hufungua skrubu za bati, huondoa tabaka la kuzuia joto, kisha hutoa matofali mojamoja. Kama mwenye nyumba hakuambiwa azime hita siku moja kabla, kazi haianzi, maana hayashikiki. Huachwa kidirisha kiko wazi mpaka kesho yake, yatoe joto la mwisho chumbani, ndipo yateremshwe ngazini mikono miwili miwili, kama yalivyopandishwa.